Majina Ndani ya Koti

Gisenyi, 9 Januari 2024

Mdogo wangu Jean-Luc,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu umekuwa kazi bure. Nimekutumia mara sita tangu Novemba. Alama mbili zinageuka buluu, najua umesoma, halafu kimya. Barua hii utaletewa ofisini kwako Kamembe, mbele ya wenzako, na dereva wa basi nimemwambia asiondoke mpaka utie sahihi.

Sitaki ugomvi, sina nguvu za ugomvi. Nataka koti.

Unajua ninalosema. Lile la kijivu ambalo baba yangu alikuvalisha Machi 2020, ulipokuwa mwanafunzi, ulipokwenda kutetea memwari yako, tasnifu ya kuhitimu, chuoni. Kama miaka minne imekusahaulisha utaratibu wa duka letu, nakukumbusha. Mwanafunzi asiye na koti la kusimama nalo mbele ya walimu anakuja kwa fundi Mudathiru. Anapimwa, Baba anapunguza hapa, anaachia pale, mpaka likae mwilini kana kwamba lilishonwa kwa ajili yake, wala halipi kitu. Siku ya tatu analirudisha pamoja na bobini moja ya uzi wa rangi aipendayo. Kwa uzi huo Baba anamshonea jina lake ndani, kwenye bitana, na unaobaki unasubiri kazi ya mwenye kufuata. Hiyo ndiyo sheria yote. Mle ndani kuna majina thelathini na moja. Lako lingekuwa la thelathini na mbili, lakini uzi wako bado tunaungoja.

Mwaka ule sikukusumbua. Ulitetea Ijumaa, Jumatatu chuo kikafungwa kwa ajili ya korona, mkarudishwa makwenu na masanduku yenu, na wiki haijaisha nchi nzima ikajifungia ndani. Baadaye ukapata kazi huko, nikasema mwache kijana ajipange kwanza. Sasa umejipanga. Picha za harusi yako nimeziona, na bwana harusi amevaa koti letu. Limekukaa vizuri, Baba alilipunguza vidole viwili kiunoni.

Haraka yangu ni macho ya Baba. Daktari ametuambia ni presha ya macho. La kulia limeshakwenda, la kushoto lina miezi michache, pengine mpaka mvua za Aprili. Dawa zinachelewesha tu. Tangu aambiwe hivyo hajaomba safari wala chakula fulani. Kila asubuhi nikifungua duka ananiuliza kama koti limerudi. Anataka kuliona kabla hajashindwa kuona. Anayo sababu yake, nami sina ruhusa ya kuiandika.

Nimechoka, Jean-Luc. Kushona ni mimi, kumtia dawa ni mimi, na kumjibu "bado" kila asubuhi ni mimi. Lete koti.

Nadra


Kamembe, 27 Januari 2024

Yaya Nadra,

Dereva wako alifanya kama ulivyomwagiza, na zaidi. Alikataa kiti, akasimama katikati ya ofisi akatangaza, "Barua ya koti." Mkuu wangu aliniuliza kama nina kesi mahakamani. Nilitia sahihi.

Nisamehe, dada yangu mkubwa. Mwaka wa kwanza nilizuiwa na korona. Mwaka wa pili nililihitaji, maana nililivaa kwenye usaili wa kazi hii na sikuwa na jingine, wala sikuwa na wa kuniazima. Baada ya hapo ilikuwa aibu tupu. Kila ujumbe wako ulinikuta nimechelewa zaidi ya ule uliotangulia, na kadiri nilivyochelewa ndivyo maneno ya kujibu yalivyopungua. Ukiuliza nilikuwa na nia ya kuliiba, hapana. Lakini naelewa kwamba mtu akiangalia kwa nje haoni tofauti.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu, Belise. Siku ile nilikuwa wa tatu kuitwa. Nilikaa koridoni tangu asubuhi na jasho lilinitoka ingawa kulikuwa na baridi. Nikalivua koti nisililoweshe, nikaligeuza, nikaanza kusoma majina. Evode 2006. Mukamana 2009, uzi wa kijani. Karekezi 2011, uzi mweusi. Mukashyaka 2013, rangi ya chungwa. Nikayasoma yote, nikarudia. Nikajiambia, hawa wote waliogopa ndani ya koti hilihili, na wote walitoka salama. Mwenye kuniita alipokuja nilikuwa nimetulia. Mpaka leo sijui kama nilifaulu kwa sababu ya ile memwari au kwa sababu ya watu wale.

Sasa cheka kidogo. Chuo kimefungua Ofisi ya Wahitimu, na bwana mmoja aitwaye Donat amenichagua niwe mwenyekiti wa wahitimu wa upande huu wa ziwa. Kazi yangu ni kuwatafuta wenzangu waliosahaulika na kuwaomba wachangie wanafunzi wa leo, kwa chakula cha mchana, vitabu, pango. Kwa hiyo mimi, mtu mwenye koti la watu kabatini, ndiye ninayesimama mbele ya watu kuwaambia warudishe fadhila. Kila nikimaliza kuhutubia nahisi kama kuna mtu nyuma atanyoosha mkono na kuniuliza.

Nipe wiki mbili. Koti litarudi, na nitamheshimu mzee kama anavyostahili.

Jean-Luc


Gisenyi, 6 Februari 2024

Jean-Luc,

Wiki mbili kwako ni kitu kidogo. Kwa jicho la Baba ni nyingi. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, nami nikajifanya sikuona. Nikapangusa meza akiwa anaongea na Nyirabagenzi, jirani yetu muuza sabuni. Ninajifanya sioni na yeye anajifanya anaona, basi siku inakwisha.

Huyo Donat wako alifika hapa Alhamisi. Kijana nadhifu, na koti alilovaa amenunua mwenyewe, mabega yamemshinda. Amesikia habari za Baba kwa wahitimu, anataka aje azungumze Siku ya Wahitimu, tarehe 25 Mei. Anasema watu hutoa wakiona wengine wametoa, na kwamba hadithi ya fundi ambaye hakusoma hata darasa la saba lakini amewavalisha wasomi itawagusa wenye mifuko. Akatoa kalamu, akamuuliza Baba kwa nini alianza. Mimi nilikuwa nashona pindo la gauni, sindano ikanichoma kidole.

Baba akamwambia, "Leteni koti kwanza. Mi nitaeleza nikiwa naishika."

Donat akaandika hata hilo.

Sasa nisikilize vizuri. Maneno yako ya kumheshimu mzee yamenipa wasiwasi, nakujua unapenda makubwa. Usilifue. Usilipeleke kwa dobi wala kwa fundi yeyote. Usiguse hata uzi mmoja. Kama lina mchuzi wa harusi, lije na mchuzi wake. Lifunge kwenye gazeti, lipe basi la kesho, tumalizane.

Nadra


Kamembe, 8 Februari 2024

Yaya Nadra,

Hili hapa. Ahadi ilikuwa wiki mbili, nimewahi siku mbili ingawa kulikuwa na kazi ya fundi, na ukilifungua utaona ni ipi.

Nilipolitoa kabatini niliona aibu mpya. Nje lilikuwa bado zima, mshono wa mzee haufi, lakini ndani lilikuwa limechakaa. Bitana imeoza kwapani, imechanika kwenye mfuko, na zile nyuzi za kila rangi zimeifanya ikakamae. Nikasema siwezi kumrudishia mzee kitu katika hali hii baada ya miaka minne. Nimelipeleka kwa Kenny, fundi aliyejifunzia Kampala, mikono yake inaaminika hapa mjini. Ameifumua yote na kuweka bitana mpya ya rangi ya zabibu, laini, ya kitambaa ambacho hata mawaziri wanavaa. Pitisha mkono ndani uone. Mwanafunzi atakayelivaa atajisikia mtu.

Majina yasikutie hofu. Kabla Kenny hajaanza niliyanakili yote thelathini na moja kwenye daftari, kwa mpangilio uleule. Na hapo ndipo lilipopatikana jambo ambalo litamfurahisha mzee. Nilimpelekea Donat nakala, na nusu ya watu hao ofisi ilikuwa imewapoteza kabisa. Tumepata simu na anwani za karibu wote. Wataandikiwa barua mwezi ujao na kuombwa wachangie. Fikiria, koti la mzee limekiletea chuo wahitimu wake.

Mmoja tu amenisumbua. Jina la juu kabisa, pale chini ya kola, lilikuwa Hakimu, uzi wa buluu, bila mwaka. Donat hamuoni kwenye vitabu vyake. Kwa kuwa ndiye wa kwanza nimedhani mzee anamjua, nikampa Donat anwani ya duka lenu. Akiwa bado yuko Gisenyi mfikishieni.

Kwenye mfuko wa ndani nimeweka bobini yangu. Nimechagua rangi ya udongo. Nimejisikia mwepesi leo, yaya, kwa mara ya kwanza tangu korona.

Jean-Luc


Gisenyi, 19 Februari 2024

Jean-Luc,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu ya tarehe sita ilikufikia Jumatatu iliyopita, naona, kwa sababu tangu siku hiyo umepiga simu mara tisa. Sikupokea. Nilitaka kwanza nipate maneno ambayo si matusi.

Paketi ilifika Jumamosi ya tarehe kumi. Baba alinawa mikono, akaomba kiti chake kisogezwe mlangoni penye mwanga. Nikalifungua, nikamwekea magotini. Alishika kola, akapapasa mabega, akahesabu vifungo kwa kidole, akatabasamu jinsi ambavyo hajatabasamu tangu tutoke hospitali. Akalitambua, akasema, "Njo yenyewe." Halafu akalifunua, akaingiza mkono chini ya kola.

Mkono ulisimama. Ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukashuka mpaka chini kwenye mpasuo, ukapanda tena. Akaliinua karibu na jicho lake la kushoto, akaligeuzia mwanga. Mimi nilikuwa nimeshaiona ile rangi ya zabibu na nilikuwa nimeshika meza.

"Nadra, hii koti ni ya nani?"

Nikamwambia ni yetu, Baba.

"Hapana. Nje ni yetu. Ndani ni ya mutu mwingine."

Akanirudishia, akaomba maji. Tangu siku hiyo haniulizi tena asubuhi. Nilidhani siku akiacha kuniuliza nitapumzika, na sasa natamani aniulize.

Nitakwambia sasa, kwa sababu hakuna tena cha kuficha. Hakimu alikuwa kaka yangu. Ni wa kwanza katika ukoo wetu wote, upande wa baba na upande wa mama, kuingia chuoni. Koti lile Baba alimshonea yeye mwaka 2006, kwa ajili ya kutetea. Kitambaa kilikuwa cha mteja aliyelipa na hakurudi kamwe, Baba alikitunza miaka sita akisubiri mtoto afike hapo. Umewahi kujiuliza kwa nini koti moja liliwatosha watu thelathini wa maumbo tofauti? Hakimu alikuwa mwembamba. Baba aliacha kitambaa kingi ndani ya kila mshono, alisema akipata kazi atanenepa, sitaki anunue jingine. Nyama hiyo ya ziada ndiyo iliyowavalisha nyote.

Alishikwa na homa siku nne. Akafa siku kumi kabla ya tarehe yake. Memwari ilikuwa imeshapigwa chapa na kufungwa, nakala tatu, ziko kabatini mpaka leo.

Baada ya arobaini alikuja mwenzake, Evode, kurudisha kitabu cha Hakimu. Baba akamuuliza lini anatetea. Akasema anaahirisha, hana koti. Baba akalitoa msumarini, akampima palepale, akapunguza mikono. Evode alipolirudisha hakujua amshukuruje mtu mwenye msiba, akaleta bobini ya uzi wa buluu. Kwa uzi huo Baba akashona jina la Hakimu kwanza, juu kabisa. Chini yake akamshona Evode. Hivyo ndivyo sheria ya uzi ilivyoanza.

Hatukumwambia mwanafunzi yeyote. Baba alihofia wataogopa kuvaa koti la marehemu siku ya mtihani, na walikuwa na hofu ya kutosha bila hiyo. Evode alitunza siri. Chuoni Hakimu hayupo popote. Aliyekufa kabla ya kutetea hawamwandiki. Mahali pekee alipokuwa amesimama pamoja na wenzake ni ndani ya ile bitana uliyoiona imechakaa.

Nimekukasirikia sana. Nimejikasirikia na mimi, kwa kuwa mistari hii ningekuandikia Januari ungelirudisha siku ileile. Bobini yako iko mezani. Sijui niitumie kushonea nini.

Kama hicho kitambaa bado kipo, kitafute.

Nadra


Kamembe, 2 Machi 2024

Yaya Nadra,

Nimekwenda kwa Kenny mara tatu. Bitana ya zamani aliikata. Vipande vizima vimeshonwa mifuko ya ndani ya suruali za wateja, na wateja wameshaondoka nazo. Vilivyobaki alivitumia kufutia mafuta ya cherehani. Nilipekua pipa lake la mabaki mpaka akanionea huruma akainama tukapekua pamoja. Nimepata kipande kimoja, ukubwa wa kiganja. Kina jina la Mukashyaka na herufi mbili za mtu mwingine. Nimekiweka humu. Cha buluu hakipo. Nimekwenda hata kwa wateja wawili ninaowajua, nikawaomba wageuze mifuko yao mbele ya wake zao. Hakipo.

Sina la kujitetea. Najua kwamba nilitaka kulipendezesha kwa ajili yangu. Nilichoka kuwa yule aliyepewa, nikataka kwa siku moja niwe mwenye kutoa, na nilipokuwa nafikiria jinsi mzee atakavyonisifu sikumuuliza mtu hata swali moja. Wewe ungenijibu. Nilikuogopa.

Mambo mawili.

La kwanza, nimewaandikia wale thelathini kwa mkono wangu, kila mmoja barua yake. Nimewaeleza kila kitu, nilivyokaa na koti, nilivyoharibu, na Hakimu ni nani. Ruhusa sikuomba, kwa hilo pia unisamehe, lakini niliona ni wakati wajue walivaa nini. Nimewaambia mchango wa chuo ni shauri lao na Donat. Mimi nimewaomba kila mmoja atume tena bobini yake kwa Mzee Mudathiru, rangi ileile kama anaikumbuka.

La pili ni baya. Nilimpigia Donat amwondoe Hakimu kwenye orodha. Akasema atamfuta, lakini barua za wote zimeshapigwa chapa na zinaondoka Jumatatu. Kuna moja yenye jina lake inakuja dukani. Tafadhali ikifika ichane kabla mzee hajasikia. Asipate na hilo.

Jean-Luc


OFISI YA WAHITIMU
4 Machi 2024

Ndugu Mhitimu Hakimu,
kwa anwani ya Duka la Fundi Mudathiru, Gisenyi

Salamu kutoka chuoni kwako.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba hatujapata habari zako tangu ulipohitimu. Huenda umehama, huenda una shughuli nyingi. Popote ulipo leo, chuo chako kinakukumbuka na kinajivunia kuwa nawe.

Wapo vijana ambao mwaka huu wako pale ulipokuwa wewe, nao wanakaribia mwisho wakiwa na upungufu mdogo unaoweza kuwazuia kufika. Wahitimu wenzako wameanza kuwashika mkono. Tunakuomba uungane nao kwa chochote ulichojaliwa, na utuandikie ni nini kilichokusukuma, ili wengine wapate moyo.

Tafadhali tujulishe pia: mwaka uliohitimu (haumo katika kumbukumbu), kazi yako ya sasa, mji unaoishi, na ungependa kutoa nini.

Wako katika ujenzi wa chuo,
Donat
Mratibu


Gisenyi, 18 Machi 2024

Jean-Luc,

Sikuwahi kuichana. Aliyeileta ni dereva wetu yuleyule, na unamjua. Aliposimama tu mlangoni akasoma bahasha kwa sauti yake yote: "Barua ya Hakimu."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, amefunga Ramadhani, macho ameyafumba. Aliyafungua. Kwa miaka kumi na nane hakuna mtu aliyelitamka jina lile kwenye mlango wetu kana kwamba mwenyewe angeweza kutoka ndani kuja kupokea. Nilisema ni makosa ya ofisi, Baba, nipe niiweke kando. Akasema nimsomee. Nikamsomea nikilia, akaniambia nirudie taratibu. Mara ya tatu alinizuia pale penye "Ndugu Mhitimu", akataka nimwonyeshe neno lilipo. Nikashika kidole chake nikakiweka juu yake. Kwenye karatasi ya chapa hakuna cha kupapasa, lakini alikiacha pale muda mrefu.

Jana baada ya alasiri akaniita na kalamu. Nakutumia nakala ya alichosema, kwa sababu na wewe umo.

Bado nakukasirikia, ila imepungua. Njoo siku moja na mkeo, mje mchana, Baba akushike mabega.

Nadra


Gisenyi, 17 Machi 2024

Bismillahi.

Bwana Donat,

Barua yako imefika. Mi ni Mudathiru, fundi, baba ya Hakimu. Mutoto yangu Nadra njo anaandika, na nimemukataza kusahihisha.

We ulikuja hapa mwezi wa pili ukaniuliza sababu gani mi nilianza kuvalisha wanafunzi. Nikakuambia mungoje koti. Koti imefika, nakujibu.

Hakimu hakumaliza. Alikufa siku kumi mbele ya kutetea. Hii koti ilikuwa yake na hakuivaa hata siku moja. Bon, mi nilisema, mutoto hakusimama mbele ya walimu, koti yake itasimama. Kila mara mwanafunzi alienda nayo akarudi anacheka, jioni nilimuambia mama ya Hakimu, leo tena amepita. Naye ananiuliza, amepata ngapi. Tulifanya vile mara makumi tatu, mupaka mama akafariki. Ilitusaidia sana. Donc basi usiandike katika karatasi yako kwamba fundi Mudathiru iko na roho muzuri. Andika kwamba alikuwa na mutoto.

Sasa maswali yako. Mwaka: 2006. Kazi: hana. Muji: iko hapa Gisenyi, ku makaburi ya Waislamu, kwa njia ya Rugerero. Atatoa nini: anatoa koti, kama zamani.

Koti iko na bitana mupya. Nilikasirika, imekwisha. Nyuzi zimeanza kufika. Mukamana ametuma kijani kutoka Musanze, Karekezi nyeusi, Evode ametuma buluu na barua ya kurasa ine, Nadra alisoma akalia. Lakini mi sikungoja buluu. Hakimu nimemushona na uzi ya Jean-Luc, ile ya rangi ya udongo, sababu njo ilikuwa hapa mezani. Nimeshona kwa vidole, jicho haisaidii tena. Nadra anasema herufi zimepinda. Nimemuambia aache. Wengine Nadra atashona, mi nitamutajia, niko najua zamu ya kila mutu.

Ritah wa Busasamana atatetea tarehe nane ya mwezi wa tano. Nimemupima jana na mikono. Ni mufupi na ni mwanamuke, mabega ni madogo, iko kazi nyingi, lakini kitambaa ingali ndani. Ukiwa na wengine hawana koti, watume.

Tarehe 25 nitakuja, Nadra atanishika mukono. Nitasema haya haya, sina mengine.

Jambo ya mwisho. Jean-Luc alikuomba umufute Hakimu ku liste yenu ya majina. Alifanya kwa heshima. Mi nakuomba usimufute. Umemuita mhitimu, hakuna mutu alikuwa amemuita vile. Kila mwaka ukituma barua kwa wenzake, na yeye umutumie hapa dukani. Nadra atamusomea, na atajibu.

Mudathiru,
kwa ajili ya Hakimu, mhitimu